Chupa ya chai ya Jumamosi

Leo siku ya sita na bado naisikia ile sauti. "Basi nimesahau, mume wangu."

Mliomjua bibi yangu mzaa mama tangu zamani mnaelewa: akiniita mume wangu, tuko sawa. Akikasirika mimi ni "baba Sauda", tena kwa sauti ya chini. Jumapili hakukasirika. Bora angekasirika.

Nilimwahidi kwenda kwake Jumamosi. Jumamosi nikalala mpaka saa nane mchana, nikaona haya hata kupiga simu. Jumapili asubuhi nikavuka na kivuko kwenda kwake Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, nikaingia uani na mkate wa kumimina mkononi kama mtu asiye na deni. Shikamoo. Marahaba. Jana nilikungoja. Mdomo ukatangulia akili: "Bibi, si nilikuja jana? Umesahau tu."

Akanitazama. Akaitazama meza.

"Mbona chupa ya chai imelala imejaa?"

Nikasema nilikuwa nimeshiba, sikunywa. Hilo lilitoka wapi, sijui. Akakaa kimya kitambo, anafuta mikono kwenye kanga, mikono ambayo wala haikuwa na maji. "Basi nimesahau, mume wangu. Uzee huu."

Wiki ilikuwa na mambo yake: Idi kaoa hatimaye, ofisini tumetangaziwa uhamisho, Sauda kang'oa jino. Mimi nimebaki na chupa ya chai.

Jumatatu usiku nikafungua Huckleberry Finn ya Mark Twain, ile nakala yangu iliyovunjika mgongo, nitafute usingizi. Nilikuwa nimeisahau sura ya 15. Huck, mtoto aliyemkimbia baba mlevi, na Jim, mtumwa aliyetoroka baada ya kusikia bimkubwa wake ana mpango wa kumuuza kusini kwa dola 800, wanateremka mto Mississippi kwa chelezo. Ukungu unawatenganisha, Huck kwenye mtumbwi, Jim kwenye chelezo. Jim anaita na kuita mpaka usingizi unamshinda. Huck anarudi, anajilaza mbele ya pua yake, kisha anajinyoosha kama ndiyo kwanza anaamka. Ukungu gani? Umeota tu.

Jim ananyamaza kama dakika tano, halafu anakubali. Tena anaitafsiri ndoto yenyewe, kisiwa hiki maana yake hivi, kelele zile maana yake vile. Ndipo Huck, kwa raha ya mzaha wake, anamwonyesha majani na uchafu uliotapakaa kwenye chelezo na kasia lililovunjika: na haya je, maana yake nini? Jim anaangalia takataka, anamwangalia mtoto. Anasema alipodhani Huck kapotea moyo ulikaribia kupasuka, na alipomwona mzima angeweza kumbusu miguu, kumbe mwenzake anawaza namna ya kumfanya mjinga. Takataka, anasema, ni watu wanaomtia rafiki yao uchafu kichwani wakamwaibisha. Akaingia zake kibandani.

Wachambuzi wanaupenda sana mto: mto uhuru, nchi kavu utumwa. Ingawa ni usiku huohuo wa ukungu mto uliwapitisha mji wa Cairo, Illinois, bila wao kujua, pale walipopanga kugeukia uhuru. Mimi siutaki mto, mimi nimenasa kwenye yale majani. Kamati ya maktaba ya Concord, Massachusetts, mwaka 1885 ilikiita kitabu kizima takataka. Nahisi hawakufika sura ya 15.

Huck alihitaji robo saa kujikaza akaombe radhi. Robo saa! Na kwa malezi yake, mtoto mweupe kumwomba radhi mtumwa ni jambo lisilofikirika. Mimi namwomba bibi yangu mzaa mama, na siku ya sita hii.

Lakini sura iliyofuata ilinichekesha mpaka mama Sauda akawasha taa. Wanaume wawili wenye bunduki wanasaka watoro, wanauliza aliyeko kwenye chelezo ni mweupe au mweusi. Mweupe, anasema Huck, ni baba, mgonjwa, tafadhalini mtusaidie kuvuta, kila mtu anatukimbia. Wale wanahisi ndui. Wanarudi nyuma mbiombio, kila mmoja anamwachia sarafu ya dhahabu ya dola 20 juu ya ubao unaoelea, wasimsogelee! Na mtoto anabaki anasutwa, kwa sababu alifundishwa kwamba kumficha mtumwa ni wizi. Nikamkumbuka bibi mwenyewe, alivyowaapia wadai wa babu kwamba mzee kavuka Unguja, na mzee yumo uvunguni anajizuia kupiga chafya. Nililala nikitabasamu.

Jana nikapiga simu, maneno nimeyapanga. Akapokea mama wa nyumba ya pili. "Bibi yako anatusimulia hapa, Jumamosi ulimjia, ukamletea samaki, mkala mpaka jua likazama. Amefurahi huyo!" Kwa nyuma namsikia bibi anacheka. "Mwambie changu! Changu wawili!"

Nikasema nitapiga baadaye. Sijapiga. Nikimwambia kweli, namnyang'anya changu wawili na jioni nzima.