Mawe na mti kwanza, mimea baadaye: nilivyolipanga tangi la samaki wa maji baridi

Tangi ninalolielezea lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 36, yaani lita 64 hivi likiwa tupu. Likishajaa udongo, mawe na maji linapita kilo 80, kwa hiyo nilianza na meza. Niliipima kwa pimamaji kwa urefu na kwa upana. Meza iliyopinda kidogo tu hujionyesha kwenye mstari wa maji, na uzito huelemea upande mmoja wa vioo.

Kanuni niliyoishika kazi nzima ni kwamba mpangilio umalizike tangi likiwa kavu. Mmea hukatwa, hung'olewa, huhamishwa wakati wowote. Jiwe la kilo 5 lililokwisha kufukiwa nusu halisogei bila kuchafua kila kitu, ndiyo maana mawe na mti, yaani tawi kavu la kupambia, vilikula muda mwingi kuliko hatua nyingine zote.

Mawe nilichagua ya aina moja. Rangi mbili za mawe ndani ya tangi dogo huonekana kama shehena iliyomwagwa. Niliyasugua kwa brashi ngumu na maji matupu bila sabuni, nikakwaruza sehemu ndogo ya kila jiwe na kudondoshea siki hapo. Likitoa vipovu, hata vidogo sana, lina chokaa, na litaendelea kuyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye madini mengi, na kupandisha pH, kipimo kinachoonyesha maji yana asidi kiasi gani (ikipanda, asidi imepungua). Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika hilo ni jambo jema. Kwa neoni tetra, waliozoea maji laini, silipendi. Siki ni asidi dhaifu, hivyo sogeza jicho karibu na usubiri dakika nzima kabla ya kusema jiwe ni salama.

Sakafuni mwa tangi nilitandika kipande cha wavu mgumu wa plastiki ili ncha za mawe zisikandamize kioo mahali pamoja. Mawe makubwa yalikaa juu ya wavu huo moja kwa moja, na udongo ukamwagwa baadaye kuyazunguka. Ukiliweka jiwe juu ya udongo litazama polepole, na siku likiegemea kioo utajuta.

Upangaji wenyewe nimeuchukua kwa Wajapani, hasa Takashi Amano (1954–2015), ambaye matangi yake yaliwafundisha wengi kuitazama tangi kama mandhari. Jiwe kuu halikai katikati. Kwenye tangi la sentimita 60 nililiweka sentimita 22 kutoka kioo cha kushoto, na kimo chake ni kama theluthi mbili za kimo cha tangi, kwa sababu udongo utameza sehemu yake ya chini na mimea itameza nyingine. Mawe ya pili na ya tatu ni madogo waziwazi. Yakikaribiana kwa ukubwa na lile kuu, jicho halijui lianzie wapi. Mistari ya mawe yote nimeielekeza upande mmoja, kama inavyokuwa kwenye mwamba uliopasuliwa na mto. Hapo usiharakishe. Kaa mbele ya tangi, macho usawa wa udongo, geuza jiwe kidogo, tazama tena.

Kati ya jiwe au mti na kioo acha sentimita 4 au 5. Mkono wenye sponji lazima upite, la sivyo mwani utajenga ukuta wa kijani pale usipofika.

Mti nao una tabia zake. Tawi kavu huelea, na pia hutoa rangi ya chai. Niliuloweka kwenye ndoo, nikibadilisha maji yakiiva rangi, hadi ukazama wenyewe. Asiye na subira ya hivyo anaweza kuufunga kwa skrubu isiyoshika kutu kwenye kipande cha jiwe bapa kitakachofukiwa. Matawi madogo niliyaunganisha kwa supagluu na pamba: unasokota pamba kidogo, unaisukumia kwenye upenyo, unadondoshea gundi. Pamba ikilowa gundi hupata joto ghafla na kutoa moshi unaochoma macho. Tumia kibano, si vidole, na fungua madirisha. Kiungo kikishapoa kinakuwa kigumu kama mfupa. Nilikificha kwa unga wa jiwe lilelile niliounyunyizia kabla gundi haijakauka.

Udongo ni sentimita 3 mbele na 10 nyuma. Mteremko huo ndio unaolipa tangi kina, lakini udongo hupenda kuporomoka. Nyuma nilijaza kwanza mifuko ya wavu yenye kokoto za volkano, kisha nikapanga vijiwe vidogo kama ngazi za kuzuia.

Mimea nilipanda maji yakiwa yamefunika udongo kwa kiasi kidogo tu, huku nikinyunyizia majani yasikauke. Anubias na kangaga la Java, Microsorum pteropus, havifukiwi: lile shina nene linalotambaa likiingia udongoni huoza na kulegea. Nilivibandika kwenye mti kwa tone la supagluu ya jeli. Mbele nilipanda Eleocharis, mmea mfupi kama nyasi, kila chungu nikikigawa katika vishungi vyembamba vilivyoachana sentimita 2 au 3. Rotala ilikwenda nyuma, Cryptocoryne kwenye kivuli cha mti. Majani ya Cryptocoryne yakiyeyuka siku za mwanzo usiing'oe. Mizizi iko hai, itatoa mapya.

Maji nilimimina taratibu juu ya sahani iliyotandikwa mfuko wa plastiki, baada ya kuyatia dawa ya kuondoa klorini.

Udongo mpya wenye rutuba hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Wiki ya kwanza nilibadilisha nusu ya maji kila baada ya siku moja, wiki ya pili mara mbili, kisha mara moja kwa wiki. Taa iliwaka saa 6 tu kwa siku kwa mwezi wa kwanza, ndipo nikapandisha hadi 8. Mimea ambayo haijashika mizizi haitumii mwanga mwingi, mwani unautumia. Vumbi la kahawia kwenye vioo na majani ni jambo la kawaida kwa tangi jipya, na utelezi mweupe juu ya mti ni ukungu usio na madhara. Niliusugua kwa mswaki huku nikiunyonya kwa mpira wa maji.

Samaki waliingia baada ya amonia na nitraiti, sumu nyingine itokanayo na amonia, kusoma sifuri zote mbili kwenye kipimo cha maji, wachache kwa awamu, huku kamba wa Amano, Caridina multidentata, wakitangulia kusafisha mwani. Rotala ikigusa uso wa maji huwa naikata chini, chini kuliko moyo unavyotaka, kwa sababu machipukizi mawili hutokea pale ilipokatwa na kichaka kinajaa kuanzia hapo.