Chumba cha giza kinachotazama bahari

Edinburgh, huko Uskochi, kuna jumba la makumbusho ambako watu hupanda hadi juu ya mnara, hufungiwa gizani, kisha huutazama mji wao ukitembea juu ya meza nyeupe. Maria Short alilifungua mwaka 1853. Mtambo wenyewe ni kioo, lenzi na giza, basi. Nikilifikiria jumba lile naona kwamba sisi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar tunalo tayari, tena tunalala ndani yake. Kuta ni nene, za mawe na chokaa. Madirisha yana milango ya mbao. Na upana wa chumba umeamuliwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida haziruhusu zaidi ya mita 3. Kwa kazi hii, yaani kuipitisha picha ya bahari kwenye tundu dogo la dirishani hadi ukuta wa ndani, mita 3 ndizo hasa zinazotakiwa.

Chumba kiwe ghorofani, upande wa Forodhani au Shangani, kinachotazama baharini. Vya uchochoroni viacheni: jua hufika chini karibu na saa sita tu, na kitu kisichopigwa na jua hakitoi picha ya maana. Kwa kuwa bahari yetu iko magharibi, saa nzuri ni kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, jua likiwa nyuma ya nyumba na kuziangaza mashua usoni. Alasiri jua lenyewe huingia tunduni, likapiga doa moja kali ndani, na picha yote ikafa.

Funga dirisha, ziba kila upenyo kwa nailoni nyeusi au blanketi, na usisahau chini ya mlango, maana huko ndiko mwanga unakoibia zaidi. Acha uwazi wa mraba wa sm 10. Juu yake bandika kipande cha bati la kopo la soda kilichotobolewa katikati. Wengi hutoboa ubao wenyewe na kujiharibia kazi: tundu la sm 1 katika ubao wa sm 3 ni bomba, na bomba huona mbele tu, kwa hiyo pembe za picha hukatika. Bati ni jembamba. Lisugue kwa msasa laini pande zote mbili, kwa sababu vijino vya bati vilivyobaki kwenye ukingo huichafua picha. Tepu ya karatasi hubanduka kwa unyevu wa hapa, hasa wakati wa masika. Ya umeme, ile nyeusi, huvumilia.

Ukubwa wa tundu ndio mzozo wote. Kila nukta ya nje huwa doa lenye upana wa tundu, au zaidi kidogo. Tanga la mita 5 lililo mita 100 kutoka dirishani litasimama ukutani, kichwa chini, kwa urefu wa sm 15. Kwa tundu la sm 1 utalitambua tanga, ila kamba usizitafute. Ukipunguza hadi nusu sentimita picha inakaza, lakini mwanga unabaki robo. Anza na sm 1, ukae gizani dakika 10 kabla ya kusema haifanyi kazi. Wageni hukata tamaa dakika ya pili.

Ukuta wa chokaa nyeupe unatosha. Uliopakwa kijani hula rangi nyekundu zote, hapo tundika shuka jeupe. Na feni izimwe, maana shuka likipepea bahari nzima inapepea, joto mtalivumilia.

Asiyeridhika na picha hafifu atafute lenzi ya miwani ya kusomea, nguvu +1. Hiyo hukusanya vitu vya mbali umbali wa mita 1, kwa hiyo ukuta hautumiki tena: shika kadibodi nyeupe mita 1 kutoka dirishani, uisogeze mbele na nyuma mpaka mlingoti ukaze. Lenzi yenye upana wa sm 4 hutoa picha ndogo mara 3, lakini yenye mwangaza zaidi ya mara 100. Kwangu mimi tundu tupu lina adabu zaidi, kwani halichagui la mbali wala la karibu.

Aliyeyaeleza haya kwa hoja ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo katika karne ya 11. Aliandika pia kwa nini jua lililopatwa huchora hilali likipita kwenye tundu dogo. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa hapa kwetu, kivuli cha mwembe wowote kilikuwa na hilali hizo chini, kila mwanya wa majani ukifanya kazi ya tundu.

Jaribio lake la taa linafanyika usiku, katika chumba cha chini kinachofungukia uani. Panga kandili 3 nje, mita 2 kutoka tunduni, zikiachana nusu mita. Ndani utaona nuru 3, zikiachana sm 75. Mtu wa nje afunike ya kushoto kwa ubao: inayopotea ni ya kulia, na zile mbili haziyumbi.