Nilipokwama kwenye sujudu

Ilikuwa Mfungo Sita, 2019, wiki ya Maulidi, Amu, yaani mji wa Lamu, imejaa wageni mpaka punda wanakosa njia, na mi niko safu ya tatu alfajiri nimesujudu rakaa ya kwanza na siwezi kuinuka. Si kizunguzungu, si moyo. Mapaja tu ndo yamekataa. Imamu ashaanza Alhamdu, wenzangu wote wamesimama, mi niko chini kama gunia la chokaa, ikabidi nishike kanzu ya mzee wa pembeni nivute, nikasimama dede kama mtoto wa miezi kumi. Yule mzee maskini baada ya salamu akanitazama kwa huruma asiniulize kitu. Huruma ile iliniuma kuliko mapaja.

Sasa nirudi nyuma kidogo manake haya hayakuanzia msikitini.

Miezi mitatu kabla nilikuwa Malindi kupeleka mlango wa nakshi kwa mteja (mi ni fundi wa milango, baba yangu alikuwa kalfati, fundi wa kuziba majahazi, huko Matondoni), na binamu yangu wa huko akanishikilia twende wote kupima damu kwa sababu yeye alikuwa anaogopa kwenda peke yake. Yeye akatoka mzima. Mi ndo nikapewa karatasi: kolesteroli yote 7.1, LDL ile mbaya 4.9, HDL 0.9, traiglisaridi, mafuta mengine ya kwenye damu, 2.8. Daktari akanieleza kwamba jumla ilitakiwa iwe chini ya 5.2 na traiglisaridi chini ya 1.7, HDL ile nzuri ndo ilitakiwa ipande na yangu imelala, akaandika atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli katika zile zinazoitwa statini, miligramu 20 kila usiku. Nikamuuliza mpaka lini. Akacheka. Nikaelewa kwamba ni mpaka nizikwe.

Nikazinunua kwa aibu, nikarudi navyo Amu, nikavitia kwenye mtoto wa meza chini ya makaratasi ya madeni. Mi nilikuwa na miaka 47, sijawahi kumeza kitu kila siku isipokuwa wali wa nazi.

Alafu akatokea jamaa mmoja wa zile biashara za lete-watu-watatu-uwe-bosi. Ana begi, ana tai, kwenye jua la Langoni saa saba mchana ana tai! Akanitolea chupa ya vidonge vyekundu vya mchele, mchele uliovundikwa kwa ukungu mpaka ukageuka rangi, akasema Wachina wameutumia karne na karne, hauna kemikali hata moja, ni asili tupu. Vidonge 60 kwa shilingi 4,500. Nikalipa. Neno asili lina nguvu yakhe, mtu anayebishana na shilingi tano ya nyanya sokoni anatoa elfu nne na mia tano bila kupumua.

Na mtu akianza kujitibu mwenyewe hasimami hapo. Shangazi yangu akaniambia balungi linakata mafuta, kwa hiyo kila asubuhi glasi nzima ya balungi, chungu mpaka masikio yanasimama. Nikanunua na vidonge vya mafuta ya samaki, hivyo navyo vilinichekesha maana sisi tumekulia kwenye harufu ya sifa, yale mafuta ya maini ya papa wanayopakwa majahazi, mtu ukinusa unageuza uso, leo nayanunua kwenye kichupa. Usiku nikawa kwenye simu nasoma mpaka macho yanawaka. Ndo nikakutana na habari za watu wa kandokando ya mto Ohio kule Marekani, kiwanda kilichokuwa kikitumia kemikali ya kutengenezea Teflon, ule utando wa vikaango visivyogandisha, kikaivujisha kwenye maji yao ya kunywa, watu kama 69,000 wakatolewa damu 2005 na 2006, na 2012 jopo la wataalamu likasema kemikali ile ina uhusiano na kolesteroli kupanda, pamoja na maradhi mengine matano. Nilisoma saa nane za usiku. Saa nane na robo nilikuwa jikoni nachukua kikaango cha nonstiki cha mke wangu, alfajiri kikawa jaani.

"Baba, kikaango changu kiko wapi?"

Nikamweleza habari ya Ohio. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono ina unga wa chapati. Akaniuliza, "Na sisi tunakunywa maji ya Ohio?" Sikuwa na jibu. Wale walikunywa maji yenye sumu miaka na miaka, mi nilikuwa nakaanga yai. Nikanunua kikaango kingine, cha chuma, kizito, mpaka leo ananisimanga nacho.

Siku ya pili yake, katika kutafuta risiti ya kile cha zamani, akafungua mtoto wa meza akaviona vidonge vya Malindi havijaguswa. Hapo sasa nyumba haikukalika. Tangu usiku ule ikawa nikimaliza isha nakuta kidonge kimoja kiko kwenye kisahani pembeni ya maji na yeye amekaa ananitazama. Nikawa nameza kwa ajili ya amani. Nilijiambia hiki cha hospitali ni cha mke wangu, na vyekundu vya asubuhi ndo vyangu. Vyekundu sikumwambia. Vilikaa karakana, nyuma ya kopo la vanishi.

Mwezi na zaidi kidogo baadaye nikapima tena hapahapa Amu. LDL 2.4. Wallahi niliruka. Nikaipeleka ile karatasi baraza ya Mkunguni mbele ya Ngome, nikaipitisha kwa kila mzee, na sifa zote nikaupa mchele mwekundu, kidonge cha kwenye kisahani sikukitaja hata kwa bahati mbaya. Wazee wawili wakaniagizia chupa palepale. Nikawaletea. Hili ndo jambo ambalo nikilikumbuka bado nasikia joto la uso.

Na maumivu yalianza wiki ileile, kidogokidogo. Mwanzo nikasema ni mlango wa mninga niliobeba. Alafu ngazi. Nyumba za Amu mnazijua ngazi zake, nikawa nazishuka kinyumenyume nimeshika ukuta. Alafu ndo ile alfajiri.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mfamasia Mombasa na alikuja kwa Maulidi. Asubuhi ileile akaingia, akanibusu mkono, na macho yake yakawa kwenye miguu yangu.

"Mjomba, una nini?"

"Uzee mama."

"Uzee hauji kwa wiki mbili. Leta kila unachomeza. Vyote mjomba, na vile ambavyo khalati havijui."

Huyu mtoto nilimbeba mgongoni. Nikaenda karakana nikaleta kila kitu, mke wangu naye akaja na vidonge vyake, tukavipanga kwenye mkeka kama watu wanaocheza bao. Mke wangu alipoiona chupa nyekundu hakusema neno, na mliooa mnajua kimya kile.

Mpwa wangu akaanza na mchele. Akasema ule ukungu unapoulia mchele unatengeneza kitu kinaitwa monakolini K, na monakolini K ni lovastatini yenyewe, dawa iliyoingia madukani Marekani 1987, statini ya kwanza kuuzwa. Nikamwambia haiwezekani, hii ni asili. Akaniambia mjomba, na lovastatini pia imetoka kwenye ukungu, tofauti ni kwamba ile ya famasi imepimwa. Hivi vyako hakuna anayejua kiasi gani kiko ndani. Marekani kuna utafiti ulitoka 2010, walipima chapa 12 za mchele huu, kidonge kimoja kilikutwa na miligramu 0.1 na kingine miligramu 10, zote zimeandikwa vilevile kwenye chupa, na nne kati ya hizo zilikuwa na sitrinini, sumu ya ukungu inayoumiza figo.

Kwa hiyo mi niliyeikimbia statini nilikuwa nameza statini asubuhi na nyingine usiku. Na bado hakuwa amefika kwenye jagi.

"Na hili?"

"Balungi. Linakata mafuta."

Akafunika uso kwa mtandio. Nilidhani analia kumbe anacheka, alafu akaacha kucheka. Akanieleza kwamba kwenye utumbo kuna kimeng'enya kazi yake kuzivunja dawa nyingi kabla hazijaingia mwilini zote, na balungi linakifunga mikono, kwa hiyo dawa inapita nyingi kuliko inavyotakiwa, na lovastatini ni katika zile zinazozidishwa sana, atorvastatini nayo imo. Yaani nilimeza mara mbili na juu yake nikafungua mlango. Akaniuliza mkojo una rangi gani, kama umekuwa kama soda ya koka niseme sasa hivi tuondoke, kwa sababu misuli ikiharibika sana inaachia vitu vinavyoziba figo. Nikamwambia ni wa kawaida. Akanipeleka hata hivyo, katikati ya ngoma na matari ya Maulidi, tumepita kwenye kundi la goma mi natembea kama bata. Kipimo cha misuli kinaitwa CK, kwa mtu wa kawaida kiko chini ya 200 hivi, changu kilikuwa 1,460. Figo salama, alhamdulillahi. Nikaambiwa niache vyote, ninywe maji mengi, nirudi baada ya siku chache.

Jioni tumekaa darini akanichorea mshipa kwenye nyuma ya bahasha. Akasema LDL ndo inabeba mafuta na kuyaingiza kwenye ukuta wa mshipa, yanakaa, yanaganda, na miaka ikipita chokaa inaingia humohumo. Mafuta na chokaa. Nikanyamaza kabisa. Marehemu baba alikuwa akichanganya shahamu, mafuta ya mnyama, na chokaa kwa mikono yake akiipaka chini ya jahazi ili kombe wa baharini wasiutoboe ubao, mi ndo nikimshikia ndoo. Kwenye jahazi inakaa nje. Basi picha ile ndo iliyonifanya nikubali, si namba.

Mafuta ya samaki akayapitia harakaharaka. Kidonge cha miligramu 1,000 mara nyingi omega-3 yenyewe ni kama 300 tu, mengine ni mafuta ya kawaida, na omega-3 inashusha traiglisaridi, tena kwa gramu 2 mpaka 4 kwa siku, LDL haina habari nayo, mara nyingine inaipandisha kidogo. Nikamuuliza basi nirudie sifa ya papa kama wazee. Akasema mjomba, sumu kama DDT na PCB zinakaa kwenye mafuta, na papa anakula kila aliyekula kabla yake, mwache na jahazi lake. Kula samaki.

Nikadhani tumemaliza. Akaniuliza, "Kahawa unakunywa vikombe vingapi?"

Hapo nikakasirika kidogo, nisiwafiche. Kahawa ya buli sikuwa nimeitia hesabuni hata siku moja, hiyo si chakula wala dawa, ni baraza. Asubuhi vitano, baada ya maghribi sita saba. Akasema kahawa iliyochemshwa na unga wake bila kuchujwa ina kitu kinaitwa kafestoli, na hicho kinapandisha LDL, Wanorwe waliliona jambo hili miaka ya 80 kwa watu wao wanaochemsha kahawa, na ukiipitisha kwenye karatasi karibu chote kinabaki kwenye karatasi. Vikombe vyetu ni vidogo, ndio, lakini si nilishasema kumi na mbili. Na moshi wa sigara za wenzako hapo barazani, akaongeza, unaishusha HDL. Nikamwambia basi nipigie hodi kabisa kaburini huko hakuna moshi.

Wiki sita nikakaa bila kidonge chochote, mapaja yakarudi taratibu, CK ikashuka, kahawa naipika nyumbani kwa karatasi aliyonitumia kutoka Mombasa. Nikapima: LDL 4.3. Si 4.9, lakini si ya kujivunia, na nazi sikuipunguza kihivyo nikisema kweli. Nikaanzishiwa tena statini, dozi ndogo, moja tu, inayojulikana, bila balungi. Safari hii kisahani nakiweka mwenyewe.

Lakini kabla ya hapo ilibidi niende Mkunguni kwa wale wazee wawili. Nikarudisha pesa zao, elfu tisa, yule wa tai hakurudisha zangu wala simu hakushika. Mmoja alikuwa hajafungua chupa. Mwingine ameshakula nusu, na akaniambia hajasikia chochote, si mapaja si wapi, huenda chake ndo kile cha miligramu 0.1. Nikawaeleza yote mpaka kisahani. Wakacheka mpaka wakakohoa.

Nikatoa karatasi ya kuchujia mfukoni, nikaitandika juu ya kikombe, nikamwomba muuza kahawa amimine. Akasimama na dele lake, akaitazama karatasi, akanitazama, akamimina. Ikawa inadondoka tone, tone, baraza nzima wanaitazama kama mechi, alafu muadhini akaanza isha kikombe hakijafika nusu. Nikanywa hicho hicho, nikatoa shilingi kumi.

Akataka ishirini. "Kimoja umekunywa wewe," akasema, "kimoja imekunywa karatasi."