Jumamosi ya Kulehemu Rejeta

Baba alifika Iringa usiku wa Ijumaa, Januari 1996, akitokea Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu. Niliisikia Land Rover kabla sijaiona. Haikuunguruma kama kawaida yake, ilikuwa inafoka. Mvuke ulitoka mbele mpaka taa zikawa kama zimewashwa ndani ya ukungu, na madumu mawili ya maji aliyoondoka nayo yalikuwa matupu.

Gari lilichemsha mlima wa Kitonga wote. Alikuwa akipanda kona mbili, anasimama, anasubiri lipoe, anaongeza maji, anapanda tena. Chini ya mlima dereva mmoja wa lori alimpa bizari ya manjano aimwage ndani ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ikavimba na kuziba ufa kiasi cha kumfikisha nyumbani. Mpaka leo namshukuru mtu yule.

Vile vitunguu vilikuwa ada yangu. Jumatatu nilitakiwa kuripoti kidato cha kwanza huko Njombe, na mpango ulikuwa tuondoke Jumapili alfajiri, magunia nyuma, sanduku langu la bati na godoro juu yake. Mama alisimama mlangoni na kibatari. Hakusema kitu, ila niliona anavyolitazama lile sanduku.

Asubuhi mvua ilinyesha, ikakatika. Kaka zangu walikuwa shamba, kwa hiyo baba akaniita mimi. "Mama, njoo ushike spana." Nikaitika abee, nikakimbia.

Tulitoa shoo, ule wavu wa mbele, tukalegeza mipira ya maji, tukaibeba rejeta wawili mpaka chini ya mparachichi. Ilikuwa nzito. Rejeta za magari yale zilikuwa za shaba, ya njano kwenye matangi na mirija, nyekundu kwenye masega yale ya katikati, na ndiyo sababu mtu aliweza kuzitengeneza uani kwake. Hizi za siku hizi nyingi ni za alumini, na matangi yake ni ya plastiki. Lehemu ya kuzibia ufa haishiki hapo, na mimi hilo linaniuma kila nikiona rejeta nzima inatupwa kwa ufa mdogo. Tukaisukutua mpaka maji ya manjano yakaisha.

Baba alikata vizibo kutoka kwenye kandambili kuukuu, akaziba matundu makubwa, kisha tukailaza ndani ya pipa lililopasuliwa kwa urefu, ambalo mama alinyweshea mbuzi. Kwenye kijibomba cha kutolea mvuke akaunganisha pampu ya baiskeli. "Pampu taratibu. Ukitia nguvu utaipasua."

Nilipampu. Mapovu yakapanda yamefuatana kama shanga, yakitoka pale tangi la juu linapokutana na mirija. Baba akapachora kwa msumari.

Kilichofuata nakikumbuka kwa pua. Alipasua betri za tochi zilizokwisha, akakata maganda yake ya zinki vipande vidogo, akavitumbukiza kwenye chupa yenye asidi. Ikachemka yenyewe bila moto. Alinisogeza upande unakotoka upepo, akaniambia zinki inaiua asidi makali, isije ikaila shaba. Akapiga msasa pale penye ufa mpaka pakang'aa, akapapaka ile dawa kwa unyoya wa kuku.

Kwenye jiko la mkaa kulikuwa na kipande cha shaba chenye mpini mrefu wa chuma. Alikikandamiza juu ya ufa, akatulia. Mimi nilidhani angeweka lehemu hapo hapo.

"Lehemu ukiiweka penye baridi inalala juu tu," alisema. "Shaba yenyewe ikipata moto ndiyo inainywa."

Na kweli iliinywa. Uzi wa lehemu, wa bati na risasi, ulipogusa, uliyeyuka ukakimbilia ndani ya ufa bila kusukumwa. Uling'aa kama kioo, halafu kiwingu kikapita juu yake, ukafifia, ukawa mgumu. Yote hayo kwa muda wa pumzi moja.

Tukairudisha pipani. Nikapampu, pale palipochorwa pakawa kimya. Baba akanyoosha mgongo, akaanza kukusanya vifaa. Ila mimi nilikuwa nimeinama, na pembeni kabisa, chini ya tangi, niliona kipovu kimoja chembamba kama kichwa cha pini. Kikapanda. Baada ya muda kikaja kingine.

"Baba, kuna pengine."

Alikuwa mtu mzima aliyechoka, hajalala vizuri, na mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Angeweza kuniambia ni hewa iliyonasa kwenye masega. Alipiga magoti kwenye matope, akaweka uso karibu na maji, akasubiri mpaka cha tatu kikatoka. Kisha akanipa ule msumari nipachore mwenyewe.

Ikabidi tuanze upya, msasa, unyoya, moto. Tulifunga rejeta jua likizama. Baba aliwasha gari, akaliacha liungurume mpaka likapata moto, akalipandisha kilima cha jirani na kurudi, halafu akatandika gazeti chini yake.

Saa kumi na moja alfajiri nilimkuta tayari yuko pale na tochi, amechutama. Alinipisha nitazame. Nikapitisha kiganja juu ya gazeti, kutoka ncha mpaka ncha. Lilikuwa kavu.

"Kamwamshe mama yako," alisema. "Tupakie."