Kishikwambi, laptopu au simu: angalia kwanza unasoma au unaandika

Kabla ya kununua kishikwambi, jiulize kutwa unasoma kurasa au unachapa kurasa. Kama unasoma, nunua bila wasiwasi. Kama unachapa, pesa hiyo iweke kwenye laptopu, hata ikiwa ni iliyotumika.

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kioo cha simu ya inchi 6.5 hakifiki sentimita 7. Kwa hiyo PDF ya fonti 12 ikikaa ukurasa mzima kwenye simu, herufi zinasinyaa hadi kama fonti 4. Utakuza kwa vidole viwili, usome nusu mstari, usogeze, urudi. Ukifika kwenye jedwali lenye safu nyingi, hujui tena namba ipi ni ya safu ipi. Kishikwambi cha inchi 8 kinakupa kama fonti 6, na macho bado yanateseka. Cha inchi 11 kinafika fonti 8 na ushei, na hapo ndipo ukurasa unasomeka bila kukuzwa. Laptopu ya inchi 14 ina kioo kikubwa, ila kimelala, hivyo ukurasa utauona nusu nusu.

Kalamu nayo ni sababu nzuri ya kununua, mradi uchague sawasawa. Ile ya ncha ya mpira hufanya kazi ya kidole tu: mstari mnene, na ukiegemeza kiganja nacho kinachora. Kalamu inayowasiliana na kioo ndiyo hutambua umegandamiza kiasi gani na kukifanya kioo kipuuze kiganja, lakini lazima iwe imetengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo. Kishikwambi ambacho hakikutoka kiwandani na uwezo huo hakiongezewi baadaye. Hakikisha kabla ya kulipa.

Wanaolalamika kwamba vishikwambi huganda, wengi wao walichukua RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32. Mfumo wenyewe hula sehemu kubwa ya hizo 32, kisha masasisho yanakosa pa kukaa. Kadi ya kumbukumbu itabeba picha na video, ila programu nyingi hazihamii huko. Anzia RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Chukua 128 kama utapakua vitabu na masomo ya video.

Sishauri kabisa kununua kishikwambi kwa nia ya kukigeuza laptopu. Jumlisha kibodi, kava na kalamu, mara nyingi utakuta umefika bei ya laptopu ya kawaida. Na bado faili la Excel lenye makro za VBA (amri zilizoandikwa ndani ya faili ili kazi ijifanye yenyewe) litafunguka tu, makro hazitafanya kazi, iwe Android au iPad.

Chenye Wi-Fi pekee kinatosha ukiwa na simu ya kurushia intaneti, ingawa betri ya simu itaisha haraka. Lakini kama unataka ramani za njiani, chukua chenye laini: iPad za Wi-Fi pekee hazina GPS.