Mpangaji kwa Baba

Dada alisema sentensi mbili tu, tena huku akikunja nguo, hata kichwa hakuinua. Leo ni siku ya tano na bado ziko kifuani.

Jumanne sikuamka kuomba. Mnalijua daftari langu la alfajiri, lile ninalotia alama kila siku niliyopiga magoti kabla hakujapambazuka. Alama zilikuwa zimefika 143 mfululizo. Jumatatu ripoti ya kazini ilinikesha hadi saa nane usiku; saa kumi na moja simu ikalia, nikaizima, nikaja kushtuka jua limeshatoka. Siku nzima nilikuwa mzito. Baba watoto nilimjibu kwa mkato, mtoto nikamfokea kwa sababu ya kamba za viatu. Jioni Dada akaniuliza, "Mdogo wangu, leo mbona umenuna?"

"Sikuomba asubuhi."

"Kwa hiyo amekununia?"

"Nani?"

"Mungu."

Nikanyamaza. Akakunja shuka la mwisho, akaliweka juu ya mengine. "Wewe unakaa kwa Baba kama mpangaji. Kodi ikichelewa, unaogopa kupita sebuleni."

Hakucheka. Wala hakukusudia kunichoma, namjua. Akaniaga, akaenda kulala.

Wiki hii nimehamishiwa kitengo kingine kazini na kitinda mimba wetu ametangaza uchumba, lakini nikifumba macho ninachosikia ni "kodi ikichelewa".

Kwanza nilikasirika. Yeye wa kuniambia hivyo? Alfajiri hizohizo ndizo nilizomwombea miaka 6, wakati hataki hata kusikia kanisa likitajwa. (Siku aliyorudi niliiandika hapa, na machozi yake yote.) Dada huomba akifagia. Siku nyingine ni maneno matatu tu, kisha anaendelea na wimbo. Basi Jumatano usiku nikajikuta kitandani nahesabu: alfajiri ngapi, mifungo mingapi, mikesha mingapi. Katikati ya hesabu nikaitambua sauti yangu. Ni ya yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu, Luka 15, aliyegoma kuingia kwenye karamu ya kumpokea mdogo wake na kumwambia baba yake, "nimekutumikia miaka mingapi hii". Vyote vya baba vilikuwa vyake, naye bado anahesabu siku kama kibarua. Sura hiyo nimewafundisha watoto kanisani mara nyingi, na kila mara huruma yangu ilimwendea mdogo, aliyetoka kuchunga nguruwe. Huyu wa nje ya mlango sikuwahi kumtazama usoni.

Alhamisi, saa ya mapumziko, nikasoma waraka wote wa Paulo kwa Wagalatia, sura 6, kwa mkao mmoja. Watu wale walikuwa wamemwamini Kristo, kisha wakaja wengine kuwaambia kwamba imani peke yake haitoshi, watahiriwe kwanza. Paulo anawaka. Katika sura ya 4 anawaambia, "Mnashika siku, na miezi, na nyakati, na miaka," na mstari unaofuata anasema anawachelea, isije ikawa amejitaabisha bure kwa ajili yao. Mnashika siku. Nikaliona daftari langu.

Ikaja sura ya 5, mstari wa 1, maneno ninayoyasoma tangu utotoni bila kuyasikia: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru." Siku hizi tukimwita mtu muungwana tunasifu adabu zake. Zamani muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, basi. Na kuandikwa huru ni jambo la hati. Ikishaandikwa, aliyekuwa mtumwa haamki kesho yake kuuliza kama bado inafaa. Kongwa linalotajwa hapohapo ni ule mti uliofungwa shingoni mwa watu waliokamatwa, wakitembezwa nao njia nzima. Nani avuliwe kitu kile, kisha akichonge tena mwenyewe na kukipaka rangi nzuri?

Nikalia pale mezani, kilio chepesi, cha mtu aliyetua mzigo.

Ijumaa niliamka saa kumi na moja bila simu. Nilipiga magoti, nikasema "Baba", na kwa muda mrefu sikuwa na neno la kuongeza wala sikulitafuta. Mkono ukaenda kwenye kalamu wenyewe. Nikaurudisha. Jana nililala hadi saa moja, nikaamka naimba. Najua wapo watakaoniuliza kama sasa nimeruhusu uvivu, na swali hilo Paulo hakulikwepa: mstari wa 13 anasema uhuru usiwe sababu ya kuufuata mwili, tutumikiane kwa upendo. Nimekubali. Kumfunga mtoto kamba za viatu bila kufoka kumo humo, na Jumanne hicho ndicho kilichonishinda, pamoja na alama zangu 143.

Dada sijamwambia lolote. Jana jioni nilimwomba binti yangu atusomee mstari ule wa ungwana kwa sauti, nikimtazama Dada kwa pembeni, naye akaitikia tu, "Amina," akaendelea na kushona kwake.

Ila binti alisoma akiwa ameisogeza Biblia karibu iguse pua. Mwalimu wake alishanieleza kwamba siku hizi anaomba kukaa dawati la mbele, nikadhani ni bidii. Kesho nampeleka akapimwe macho. Marehemu baba naye alianza hivihivi, kwa kusogeza vitabu.