Sahihi ya Baba

Mwaka 1991 nilikuwa na umri wa miaka 16, na shule zilipofungwa kazi yangu ilikuwa kumpelekea baba chakula cha mchana kutoka Pumwani hadi Mtaa wa Biashara, jijini Nairobi, alikokuwa akishona nguo kwenye kibaraza cha duka la mzee mmoja wa Kibohora, yaani Mwislamu wa jamii ya Kihindi ya Mabohora. Tulizoea kwenda kulia katika Bustani ya Jeevanjee, tukitandika gazeti kwenye nyasi, kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha kushikwa na wasiokuwa na kazi, wahubiri na wapiga picha.

Siku moja tulimkuta msichana akizungusha karatasi na kuwaeleza watu kwamba wakubwa wa jiji wanataka kuichimba bustani ile wajenge maegesho ya magari ya ghorofa, na kwamba Zarina Patel, mjukuu wa aliyeitoa, alikuwa akipinga mpango huo. Baba aliweka tonge chini.

"Hii ni wakfu," alisema. "Wakfu haujengwi maegesho."

Huenda mawakili wana neno jingine kwa jambo hilo, lakini baba, aliyesomea chuoni kwa mwalimu wa Kurani na si penginepo, hakuwa na neno lililo zito zaidi. Kisha, huku wali ukipoa, akanisimulia habari za ukoo ule kama alivyozipata kwa tajiri wake. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, na kabla ya karne kwisha alikuwa Mombasa akiwa mkandarasi wa Reli ya Uganda, akiwaleta mafundi na vibarua kutoka Bara Hindi na kuwapelekea chakula kadiri reli ilivyosonga bara. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, naye alifika, akajenga maduka na majumba hadi ikawa sehemu kubwa ya mji ule mchanga ni mali yake. Gazeti la African Standard, ambalo leo ni The Standard, yeye ndiye aliyelianzisha. Mwaka 1906 aliukabidhi mji bustani hiyo pamoja na kisanamu cha Malkia Victoria, na mwaka 1910 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo.

Nilimuuliza baba kwa nini mtu aliyekuwa akigombana na walowezi, waliojitengea nyanda za juu na kuwakataza Wahindi kumiliki ardhi huko, alimsimamisha malkia wao katikati ya bustani yake. Baba alicheka, akasema tajiri hugombana na mwenye nyumba huku akimpelekea halua. Hilo limenikaa kichwani kuliko tarehe zote. Jambo ambalo hakuligusia, nami sikuwa na akili ya kuliuliza, ni ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya reli, ingawa jina lenyewe la Nairobi, ambalo ni la Kimaasai, lilikuwa likilitaja kila siku masikioni mwetu.

Kuhusu mwisho wa mzee huyo alisema machache: mali ilipukutika, naye akafariki mwaka 1936 akiwa hana tena utajiri ule. Akapitisha mkono hewani kutoka Barabara ya Moi hadi Mtaa wa Muindi Mbingu, akasema, "Alivyojiwekea vimekwenda. Alichowapa watu ndicho hiki tunachokikalia."

Msichana alipotufikia, baba alifuta vidole kwa leso, akaiweka karatasi juu ya goti na kuandika jina lake polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu, maana hakujua nyingine. Msichana aliigeuza karatasi huku na huku, akaniangalia mimi kana kwamba anaomba msaada. Nilitaka kuliandika upya jina hilo kwa herufi za shuleni, lakini baba alinizuia mkono.

"Liache hivyo," alisema. "Mwenye bustani angelisoma."

Nikaandika langu chini yake. Mpango wa maegesho haukutekelezwa. Siku hiyo, lakini, baba aliufunika tu wali uliobaki, akaniambia niufikishe nyumbani kabla haujachacha, akarudi kwenye cherehani yake.